Ndege ya kwanza ya balsa inayorushwa kwa mpira: tuanze na vipimo gani?

Mwl_wa_klabu (Morogoro)

Wakuu, habari za wakati huu. Klabu yetu ya sayansi, kidato cha pili, imepata shiti nne za balsa (mbao nyepesi sana): tatu zina unene wa mm 1.5 na moja mm 3, zote upana mm 100 na urefu mm 915. Tunataka kuunda ndege ndogo ya kusokota mpira, iruke kweli, isiwe pambo la juu ya kabati. Propela za plastiki tunazo, kipenyo sm 15, zina kishikio cha kuchomeka kwenye mti wa mm 3 kwa 10 na ndoano ya waya.

Michoro tuliyoiona karibu yote ina mbavu nyembamba zilizofunikwa karatasi. Je, hiyo ni lazima kwa wanaoanza? Naomba vipimo vinavyofanya kazi: bawa, mkia, mahali pa kuweka bawa. Kuhusu mpira, rababendi za ofisini zipo tele na tyubu za baiskeli zipo tele, kipi bora? Gundi je? Uwanja tulio nao ni wa mpira wa miguu, una miti upande mmoja.

bawa_jepesi

Mwalimu, karibu. Karatasi na mbavu siyo lazima. Kwa shiti mlizo nazo undeni ndege ya uti mmoja (kijiti kirefu kinachobeba bawa, mkia na mpira) na bawa la shiti tupu. Shiti mbili za mm 1.5 zinatoa mabawa manne, ya tatu inatoa mikia, ya mm 3 inatoa uti wa kila ndege na wa akiba.

Kabla ya kukata, pimeni kila shiti kwenye mizani ndogo ya sonara au ya maabara. Balsa inatofautiana sana uzito hata ikitoka katika mti mmoja. Shiti ya mm 1.5 × 100 × 915 yenye gramu 14 hadi 18 ni nzuri kwa bawa na mkia. Ikifika gramu 25 itumieni kwa violezo na viungo, si kwa bawa. Ya mm 3 ni kinyume chake: mnataka ngumu, gramu 45 hadi 55 kwa shiti nzima, kwa sababu uti ndio unaobeba mvuto wote wa mpira uliosokotwa. Uti laini ukipinda, pembe ya bawa na ya propela zote zinahama wakati mmoja, na hapo hakuna marekebisho yatakayosaidia.

Vipimo: uti ni mm 350, kimo mm 10, unene mm 3, umesimama kwa ubavu wake mwembamba. Bawa mm 400 kwa 80. Mkia wa ulalo mm 150 kwa 60. Mkia wa wima mm 60 kwa 60, mkate kona ya juu mbele kidogo upendeze. Nyuzi za mbao ziende kwa urefu wa bawa, na kwenye mkia wa wima ziende juu. Ukizikata kinyume, bawa litavunjika siku ya kwanza kama biskuti. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, pitisha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Mkato mmoja wa nguvu unaponda balsa badala ya kuikata, na wembe hufuata nyuzi ukatoka nje ya mstari.

Bawa bapa linaruka, ila lenye mgongo linaruka vizuri zaidi. Kata mbavu nne ndogo kutoka mabaki ya mm 3: urefu mm 76, chini ni nyoofu, juu ni tao linalofika kimo cha mm 5 kwenye mm 25 kutoka mbele. Lowesha upande wa JUU wa bawa kwa sponji. Upande uliolowa unatanuka, bawa lenyewe linajikunja kuelekea chini, hata hulazimishi. Gandisha mbavu chini yake, moja mm 15 kutoka katikati na nyingine mm 20 kutoka ncha, kwa kila nusu. Funga kwa pini au uzi mpaka ikauke kabisa.

Kisha kata bawa katikati. Kila ncha inatakiwa ipande mm 40 juu ya usawa wa katikati. Njia rahisi: laza nusu moja mezani, weka kitabu juu yake, halafu inua ncha ya nusu ya pili kwa mm 80 juu ya kipande cha mbao. Piga msasa ukingo wa maungio kwa mshazari mpaka pande mbili zigusane bila mwanya, ndipo utie gundi. Chini ya kiungo bandika utepe wa karatasi nyembamba. Msipunguze huo mwinuko kwa ajili ya sura. Ndege hii haina rubani wala redio, na huo mwinuko ndio unaoisimamisha tena ikilala upande.

Chini ya kiungo cha bawa weka kitako: kipande cha mm 3 chenye urefu wa mm 90, juu kimefuata tao la bawa, na kimo chake kifanye ukingo wa mbele wa bawa uwe juu kwa mm 3 kuliko ukingo wa nyuma. Bandika mashavu mawili ya mm 1.5 yashuke mm 6 chini ya kitako, yaupande uti kama tandiko. Funga bawa kwenye uti kwa rababendi mbili ndogo. USILIGANDISHE. Bawa lazima liweze kusogea mbele na nyuma, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kurekebisha ndege. Mkia wa ulalo unagandishwa juu ya uti nyuma kabisa, sambamba na uti, bila pembe yoyote.

Hiyo tofauti ya pembe kati ya bawa na mkia ni kitu cha zamani. Alphonse Pénaud, Mfaransa, alirusha ndege yake ya mpira huko Paris mwaka 1871, ikaenda kama mita 40 kwa sekunde 11, na siri yake ilikuwa hiyo hiyo: mkia una pembe ndogo kuliko bawa. Ndege ikizamisha pua inaongeza kasi, mkia unasukumwa chini, pua inarudi juu yenyewe.

Anza na ukingo wa mbele wa bawa ukiwa mm 100 kutoka puani. Weka mpira na propela, kisha ibebe kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mm 32 nyuma ya ukingo wa mbele. Inatakiwa ilale sawa. Ikiinamisha pua, sogeza bawa mbele. Ikiinamisha mkia, sogeza bawa nyuma, mpaka ilale. Nzima ikiwa na mpira iwe gramu 15 hadi 18. Ikizidi 20 itaruka bado, ila itataka mpira mnene zaidi.

Gundi: gundi nyeupe ya mbao, ipakeni kwa kijiti cha meno, futa inayozidi. Supa gluu ni nzuri kwa kubana haraka pale gundi nyeupe inapochelewa kukauka, lakini tone moja linaloenea kwenye balsa laini linaongeza uzito kuliko mnavyodhani. Gundi nyeupe nayo ina maji, kwa hiyo mkia mwembamba ukiachwa ukauke bila kubanwa utajikunja.

mruka_nakuru

Salamu kutoka Nakuru, mwalimu. Naunga mkono mengi ya aliyetangulia, ila shiti tupu kwa bawa la sm 40 inakula gramu sita. Bawa la fremu na karatasi laini linakuja gramu tatu au chini, na gramu tatu kati ya kumi na sita si kitu kidogo. Ndege nyepesi inaruka polepole, na inayoruka polepole haivunjiki ikigonga.

Kwa watoto wa kidato cha pili si kazi ngumu. Miti miwili ya mm 3 kwa 3, ya mbele na ya nyuma, iliyokatwa kwenye shiti yenu ngumu. Mbavu saba za mm 1.5 zilizokatwa kwa kiolezo cha bati au kadi ngumu, upana mm 3, zenye tao lile lile. Jengeni juu ya mchoro uliofunikwa nailoni ili gundi isishike karatasi ya chini. Funikeni upande wa juu tu, kwa ile karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, ishikwe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ikikauka nyunyizia ukungu wa maji, itajivuta yenyewe na kukaza. Lakini ibaneni mezani kwa pini inapokauka, la sivyo inavuta fremu ikapinda.

Na kama balsa itawaishia: sahani nyeupe za foma zinazofungiwa nyama dukani zinatoa bawa zuri la kwanza. Chagua yenye sehemu bapa kubwa, ipinde taratibu kwenye ukingo wa meza kupata tao. Hapo ni gundi nyeupe tu. Supa gluu ya kawaida na gundi zenye harufu kali zinayeyusha foma ile ile sekunde unayoipaka.

bawa_jepesi

@mruka_nakuru hesabu yako ni sahihi, sibishani na gramu. Ninachopinga ni mpangilio. Fremu ya karatasi inayopinda mm 3 kwenye ncha moja haionekani kirahisi kwa jicho lisilozoea, na ndege itazunguka na kujichimbia ardhini bila mtu kujua sababu. Shiti inaonyesha kasoro zake wazi. Waunde ya shiti kwanza, ya pili iwe ya karatasi kwa uti, mkia na propela zile zile. Bawa linafungwa kwa rababendi, kwa hiyo kubadilisha ni dakika moja.

fundi_wa_mpira

Mwalimu, suala la mpira ndilo linaloua ndege nyingi za kwanza, ngoja niliseme kwa urefu.

Tyubu ya baiskeli sahau. Tyubu nyingi za siku hizi ni mpira wa butili, umetengenezwa ili usipitishe hewa, siyo ili urudishe nguvu. Unausokota, sehemu kubwa ya nguvu inageuka joto ndani ya mpira wenyewe, na inayobaki inatoka kivivu. Unafaa manati kwa sababu manati hutumia unene na mvuto mfupi. Lastiki ya nguo nayo hapana, imefunikwa nyuzi.

Rababendi za ofisini zinafaa kwa majaribio ya mwanzo tu. Chukua zile ndefu za rangi ya kahawia hafifu, ambazo nyingi ni mpira asilia, unganisha tatu au nne kwa kitanzi. Kila kiungo ni mahali pa kukatikia, kwa hiyo usizidishe mizunguko 150. Zinatosha kujua kama ndege inaelekea vizuri.

Mkishaona ndege inapaa, agizeni mpira wa kazi hiyo. Unauzwa kwa uzito, ni utepe bapa wenye unene wa karibu mm 1, upana wa aina nyingi. Unaojulikana sana ni Tan Super Sport. Kwa ndege ya gramu 16 chukua upana wa mm 3 (unaandikwa inchi 1/8). Ikiwa nzito, gramu 19 na kuendelea, chukua mm 4 au 5.

Umbali kati ya ndoano ya propela na ndoano ya nyuma uwe mm 280. Kata utepe wa sm 68, funga ncha zake kwa fundo bapa, lile la kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, ukiwa umelowesha kwa mate ili lijibane bila kujikata. Unapata kitanzi cha kama sm 33. Kinalegea kidogo kikiwekwa, na ndivyo inavyotakiwa: mpira mrefu unabeba mizunguko mingi. Ila usizidishe. Kitanzi cha sm 45 kwenye nafasi ya sm 28 kitajirundika nyuma mizunguko inapoisha, kitahamisha mizani, na ndege iliyokuwa ikiteleza vizuri itaanza kupiga mawimbi. Fundo liwekwe upande wa nyuma, siyo kwenye ndoano ya propela.

Mafuta ya mpira: glisirini ya duka la dawa na sabuni ya maji, kiasi sawa. Tia matone machache kiganjani, sugua kitanzi mpaka king'ae, halafu futa. Mpira usiolainishwa unajisugua wenyewe kila mzunguko na kukatika mapema. Usitumie mafuta ya kula wala ya taa, wala ya injini. Mafuta ya namna hiyo huingia ndani ya mpira asilia, unavimba na kuoza.

Mizunguko mingapi? Kitanzi cha utepe wa mm 3 uliolainishwa hukatika karibu na mizunguko 34 kwa kila sentimita, yaani kwa sm 33 ni kama 1,100. Lakini huwezi kufika hapo kwa kuzungusha propela kwa kidole. Kwa kidole, mpira ukiwa haujavutwa, ishia 300. Ili kwenda mbali, mtu mmoja ashike ndege puani na sehemu ya propela, mwingine afungue ndoano ya nyuma, aivishe kwenye ndoano ya drili ya mkono, avute mpira hadi mara nne ya urefu wake. Anazungusha nusu ya mizunguko akiwa amesimama palepale, halafu nusu ya pili anakaribia taratibu, anafika kwenye ndege mizunguko ikiwa imetimia. Hesabuni kwanza kichwa cha drili kinazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa mpini. Ishieni 600 hadi 700 kwa mpira mpya. Na siku ya kwanza ya mpira mpya msiupe zote: 200, pumzisha, 400, pumzisha, ndipo muupandishe. Anayesokota na anayeshika wavae miwani ya maabara, maana mpira uliovutwa ukikatika unarudi usoni.

Mwelekeo: propela nyingi zinazouzwa, ukizitazama kwa mbele, zinasokotwa kwa kufuata mkono wa saa. Kama baada ya kuachia upepo unakujia puani badala ya kwenda mkiani, umesokota kinyume.

Mwl_wa_klabu (Morogoro)

Shukrani sana wakuu, maelezo yamejitosheleza. Ndege mbili zimekamilika, zote za bawa la shiti. Ya kwanza ni gramu 17 na mpira wa mm 3 (tuliupata kwa mtu anayeagiza vifaa), ya pili gramu 19. Mizani iko mm 32 kama mlivyosema.

Ya kwanza bila kusokota, ikirushwa kutoka usawa wa bega, inateleza mita 7 hivi, imenyooka. Kwa mizunguko 100 inaenda mbele bila shida. Kwa mizunguko 300 inanyanyua pua, inakaribia kusimama wima, inaishiwa mwendo, inaanguka kwa bawa la kushoto. Ya pili inakwenda kushoto tangu mwanzo, hata bila kusokotwa, na duara linazidi kubana mpaka inagonga chini.

Swali la ziada: propela moja imevunjika jani. Inaweza kutengenezwa hapa hapa?

kipanga_87

Ya kwanza bandika plastisini puani, gramu moja itatosha. Pua inapanda kwa sababu nyuma ni nzito.

bawa_jepesi

Hapana, usibandike. Samahani @kipanga_87, ushauri huo ndio unaotolewa mara nyingi na ndio unaoharibu ndege nzuri.

Angalia dalili: bila nguvu inateleza mita 7 kutoka usawa wa bega. Hiyo ni karibu mara tano ya kimo, mtelezo mzuri kwa ndege ya aina hii. Mizani yake iko sawa. Tatizo linaonekana nguvu inapokuwa nyingi tu, basi tatizo liko kwenye nguvu. Ukiongeza uzito puani, mpira ukiisha ndege itazama kama jiwe, na utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Mtelezo unarekebishwa kwa kusogeza bawa. Mpaao unarekebishwa kwa kugeuza mwelekeo wa propela. Ukishapata mtelezo, bawa usiliguse tena.

Hapa propela inatakiwa iinamishwe, kama nyuzi 3 hadi 4. Kishikio kimevaa puani kama kofia. Kitoeni, nyoeni kwa msasa upande wa JUU wa uti pale puani, mteremko wa mm 1 katika mm 15 za mwisho. Rudisheni kishikio kikae juu ya mteremko huo, kisha jazeni mwanya uliobaki CHINI kwa kipande cha kadi. Kukumbuka: nyoa juu, jaza chini. Msitie gundi mpaka mmeridhika.

Kuanguka kushoto: propela ikizunguka kulia (ukiitazama kutoka nyuma), ndege inasukumwa kulala kushoto. Hiyo ni kawaida, na duara pana la kushoto ndilo tunalolitaka, kwa sababu uwanja una mipaka. Lakini mizunguko ya kwanza 50 ina nguvu kali kuliko zote, ndiyo inayoitupa. Geuzeni propela kulia nyuzi 2: nyoeni ubavu wa kushoto wa uti puani nusu milimita katika mm 15, jazeni ubavu wa kulia. Kushoto na kulia hapa ni kwa mtu aliyesimama nyuma ya mkia akitazama mbele.

Halafu pandeni kwa ngazi: 150, 250, 350. Badilisheni kitu kimoja tu kwa kila rusho, na mwanafunzi mmoja kazi yake iwe kuandika: mizunguko, kilichobadilishwa, ndege ilifanya nini. Mkibadilisha vitu viwili pamoja hamtajua kipi kilisaidia.

mruka_nakuru

Ya pili hiyo bawa lake limepinda. Simameni mita mbili nyuma ya ndege, mwangalie kwa jicho moja, ukingo wa nyuma na wa mbele wa kila nusu. Nadhani mtakuta bawa la kulia lina pembe kubwa kuliko la kushoto karibu na ncha, kwa hiyo upande wa kulia unapanda na ndege inalala kushoto. Angalieni pia kama mkia wa wima umenyooka. Nusu milimita pale nyuma inatosha kuizungusha.

Kunyoosha: pasha kwa mvuke wa birika, shika umepindisha kinyume kidogo zaidi ya unavyotaka, hesabu hadi 30, liache lipoe mkononi. Vidole vikae mbali na mdomo wa birika. Shiti yenye gundi nyeupe inaweza kurudia kupinda usiku wenye unyevu, kwa hiyo ikagueni tena asubuhi kabla ya kurusha.

Likishanyooka, fanyeni makusudi kitu kimoja: ncha ya bawa la KUSHOTO, ukingo wa nyuma ushuke mm 2 tu. Ndege inayozunguka kushoto, bawa la ndani hupita hewani polepole na hupungukiwa nguvu. Hizo mm 2 zinalisaidia lisizame, na duara linaacha kubana. Mkitaka duara zaidi au pungufu bila kugusa mkia wa wima, uinamisheni mkia wa ulalo: ndege hugeukia upande ambao ncha ya mkia iko juu. Mm 5 za tofauti kati ya ncha mbili zinaonekana wazi hewani.

Kuhusu gramu 19, kama alivyosema fundi, mpeni mpira wa mm 4 au 5. Tarajieni kuinamisha propela zaidi kidogo, kwa sababu nguvu imeongezeka.

fundi_wa_mpira

Propela: tumieni kopo la mtindi la plastiki, lile kubwa lenye ubavu mnyoofu. Chora majani mawili kwenye ubavu, urefu mm 60, upana mm 25 sehemu iliyo pana. Mstari wa katikati wa jani usisimame wima kwenye kopo, uegemee nyuzi 15, na majani yote mawili yaegemee upande mmoja. Mviringo wa kopo pamoja na huo mwegemeo ndivyo vinavyolipa jani msokoto wake.

Kitovu ni kijiti cha mbao ngumu mm 6 kwa 6, urefu mm 40. Kila ncha ikatwe mpasuo wa nyuzi 45 hadi 50 kutoka kwenye bapa la mzunguko, mipasuo miwili ikielekea kinyume. Ingiza majani mm 10 ndani, supa gluu, na uzi mwembamba wa kufungia. Ukaguzi: karibu na kitovu jani liwe limesimama zaidi, kwenye ncha liwe limelala zaidi. Mkiona kinyume, mwegemeo wa kopo ulikuwa upande usio sahihi; kateni mengine, kopo lina nafasi. Toboa kitovu katikati kabisa, weka kwenye pini, iache ijizungushe: jani linaloshuka daima ndilo zito, lipunguze kwa msasa ncha yake. Propela isiyo na mizani inatikisa uti mzima, na mtikisiko huo unakula nguvu ya mpira.

Mhimili ni klipu ya karatasi ya waya wa kama mm 1 iliyonyooshwa. Kati ya kitovu na kishikio weka shanga mbili ndogo zenye tone la mafuta ya cherehani. Bila shanga, plastiki inasugua plastiki pale ambapo mpira unavuta kwa nguvu, na propela inazunguka kwa mikupuo.

Mwl_wa_klabu (Morogoro)

Nimenakili yote. Mawili ya mwisho: saa za kurusha, na mpira unahifadhiwaje kati ya Jumamosi moja na nyingine?

bawa_jepesi

Kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Jua likishapasha uwanja, hewa inaanza kupanda na kushuka kwa mafungu, na ndege ya gramu 17 inarushwarushwa ovyo. Jioni baada ya saa 11 pia ni sawa upepo ukishatulia. Majani mepesi ya miti yakitikisika mfululizo, ahirisheni kurekebisha, hamtajua ni ndege au ni upepo. Simameni upande wa miti kama upepo unatoka huko, rusheni kuelekea upepo, pua usawa wa upeo wa macho, mkono unasukuma kwa mwendo wa ndege yenyewe. Anayeirusha kama jiwe anaifanya ipande ghafla hata kama kila kitu kimepangwa vizuri. Mwachie propela kwanza, kisha ndege, nusu sekunde baadaye.

fundi_wa_mpira

Mpira: toa kwenye ndege kila mkimaliza, usiache umekaa kwenye ndoano. Osha mchanga na glisirini kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kivulini, weka kwenye mfuko uliofungwa ndani ya kopo lisilopitisha mwanga. Jua na joto vinaulaza haraka kuliko mizunguko. Kabla ya kuurudisha, uvute taratibu mbele ya dirisha na kuupitisha kwenye vidole. Ukiona kipasuo kidogo ukingoni, hata cha nusu milimita, kata pale, funga upya kitanzi kifupi, na punguza mizunguko kwa kiasi hicho hicho. Kipasuo kidogo hakiponi, na kitakatika siku mtakayosokota 600.